Mheshimiwa tunaomba mchango: miaka yangu mitano ya udiwani huku kusini

Mimi nilikuwa diwani wa kata moja huku Mtwara, uwanda wa Makonde, kuanzia 2015 mpaka 2020. Kata siitaji na halmashauri siitaji, watu bado wapo na wengine tunasali msikiti mmoja. Kuna kijana wa dada yangu kaja juzi ananiambia mjomba nataka kugombea, nipe mbinu. Nikamwambia mbinu sina, nina stori. Basi hizi ndo zile stori nilizompa, nyingine nilimficha nazitoa hapa.

Kabla ya siasa nilikuwa karani wa chama cha msingi, ushirika wa wakulima wa korosho, kazi yangu kupima korosho. Msimu ukifunguliwa mwezi wa kumi wewe ndo unajulikana kijiji kizima, kila mtu anataka gunia lake lipimwe kwanza, kila mtu anadhani mzani wako umemla kilo mbili. Nilidhani nikishazoea kutukanwa kwenye mzani basi udiwani utakuwa mwepesi. Nilikosea sana.

2015 kwenye chama changu kura za maoni, zile za kumpata mgombea ndani ya chama, tulipigiwa na wanachama wote wa kata, sio wajumbe peke yao kama ilivyokuja kuwa baadae. Maana yake unazunguka kila tawi, kila kitongoji, na huku mwezi wa saba mkulima wa korosho hana hata mia, hela zote zimeishia kwenye salfa ya kupulizia mikorosho. Na mimi sikuwa na hela. Hapa ndo pa aibu yangu na nitapaeleza vizuri: nilikopa kwa kangomba. Kwa msiojua, kangomba ni yule jamaa anakupa hela kipindi cha njaa, korosho ikiwa bado maua, halafu msimu ukifika unamlipa korosho kwa kipimo chake na kwa bei yake, ambayo mara nyingi haifiki hata nusu ya bei ya mnada. Ni haramu kisheria na kila mtu anajua, na kila mtu ana namba ya simu ya kangomba wake. Nilichukua laki nane. Nikanunua kanga, sukari, mafuta ya pikipiki, kidogo nikatoa kwenye ngoma za jando maana ndo ilikuwa msimu wake, na nikashinda kura za maoni, Oktoba 25 nikashinda na uchaguzi wenyewe, upinzani ulikuwa mkali mno mwaka ule huku kwetu. Nikaapa. Nikaitwa mheshimiwa. Na nilikuwa na deni la gunia kadhaa za korosho kabla sijakaa hata kikao kimoja.

Mjomba wangu, mzee ambaye kwetu sisi ndo mwenye kauli kuliko hata baba, aliniita baada ya kiapo. Yeye alikumbuka halmashauri za zamani kabla hazijafutwa 1972, alikumbuka na zilivyorudishwa 1984, na alikumbuka kodi ya maendeleo, ile iliyofutwa 2003, mgambo wakiingia kijijini wanaume wote wanalala mikoroshoni. Akasema mpwa wangu, zamani diwani alikuwa anakuja kuchukua, kwa hiyo watu walimkimbia, siku hizi diwani anadhaniwa anakuja kuleta, kwa hiyo watamfukuzia. Nikacheka. Wiki ya kwanza tu nilipokea simu za michango kumi na moja.

Nieleze hela maana watu wanadhani madiwani tunakula sana. Posho ya mwezi ilikuwa 350,000. Kuna posho za vikao juu yake, na nauli, lakini baraza linakaa kila robo mwaka na kamati hazikai kila siku. Na wakati ule posho ilikuwa inatoka mapato ya ndani ya halmashauri, kwa hiyo korosho zikisuasua na posho inasuasua, kuna kipindi tulikaa miezi minne tunadai. Kuanzia Julai 2021 serikali kuu ndo ikaanza kulipa zile posho kwa halmashauri nyingi, moja kwa moja akaunti ya diwani. Sisi tulishatoka, ndo bahati zetu zilivyo.

Sasa upande wa kutoka. Mke wangu alinunua daftari la kurasa mia moja, akawa anaandika kila hela inayotoka nyumbani kwa sababu ya udiwani. Sikumtuma, aliamua mwenyewe. Sanda. Nauli ya kwenda hospitali ya mkoa. Sukari ya kisomo. Jezi za timu ya kata, mipira miwili. Ada ya chuo ya mtoto wa mtu ambaye hata hakunipigia kura na alinambia hivo hivo usoni. Mafuta ya gari la wagonjwa. Hii ya mwisho ilikuwa ndo kubwa, saa nane usiku simu inalia, mheshimiwa kuna mama amekwama kujifungua gari lipo kituo cha afya lakini halina mafuta, utasema nini hapo, utasema subirini bajeti ya robo ijayo? Unatoka unagonga kwa muuza petroli wa chupa, unamwamsha, anakuuzia kwa bei ya usiku. Siku moja lilikuwa na mafuta lakini halina betri, tukambeba mama wa watu kwenye kibebeo cha pikipiki ya magurudumu matatu, mimi nimeshika tochi ya simu kwa nyuma, barabara mchanga mtupu, alijifungua salama na mtoto wakampa jina langu. Yule mtoto sasa hivi yupo shule na anajulikana kwa utundu.

Tulipomaliza 2020 mke wangu alijumlisha. Milioni kumi na nne na laki sita. Posho za mwezi kwa miaka mitano ukizidisha ni milioni ishirini na moja. Fanya hesabu mwenyewe, na katika hiyo iliyobaki toa deni la kangomba.

Lakini hela sio iliyoniumiza zaidi. Kilichoniumiza ni kuulizwa vitu ambavyo sina. Nilipochaguliwa barabara za vijijini zilikuwa chini ya halmashauri, unaweza ukasimama barazani ukapiga kelele mpaka greda lije. Julai 2017 ikaja TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, barabara zikahama. Maji yalikuwa idara ya halmashauri, 2019 ikaja RUWASA, wakala wa maji vijijini, maji nayo yakahama. Sisemi ni vibaya, pengine wataalamu waliona mbali, ila hakuna mtu aliyekuja kijijini kuwatangazia wananchi kwamba kuanzia leo msimuulize diwani barabara. Mimi niliingia na barabara na maji, nikatoka sina barabara wala maji, na mkutano wa hadhara swali la kwanza ni barabara na la pili ni maji. Na uwanda wetu ule maji ni kilio cha enzi, watu wanajenga visima vya kuvuna mvua uani, kiangazi kikibana dumu linanunuliwa. Unajibu nini? Ukisema hiyo sio yangu tena, wanasema mheshimiwa anakwepa. Ukisema nitafuatilia, unaahidi kitu cha mtu mwingine. Mimi kwa miaka miwili nilikuwa nasema nitafuatilia. Nilikuja kuanza kusema ukweli nimechelewa, na walishaniita Nitafuatilia, hilo ndo lilikuwa jina langu huko vijiweni, mpaka watoto.

Halafu 2017 hiyo hiyo ushuru wa mazao ya biashara ukashushwa kutoka asilimia tano kwenda tatu. Mkulima alifurahi na mimi kama mkulima nilifurahi, kama diwani nilikuwa naangalia bajeti ya kata inavyokonda. Mtu mmoja, matumbo mawili.

Nirudi kwenye vikao maana huko ndo nilikojifunza kazi. Kabla ya baraza mnapewa makabrasha, lundo la karatasi zimebanwa, kurasa mia na hamsini, wakati mwingine zinafika siku mbili kabla ya kikao. Mwaka wa kwanza sikuwa naelewa kitu, nilikuwa nafungua ukurasa wenye jina la kata yangu, nikiona tumeandikwa darasa moja nafunga naridhika. Sharti la kugombea ni kujua kusoma na kuandika, na mimi nilijua, ila kusoma gazeti na kusoma jedwali la kasma, yaani vifungu vya bajeti, ni vitu viwili. Mzee mmoja mhasibu mstaafu jirani yangu ndo alinifundisha, jioni baada ya swala ya alasiri tunakaa barazani kwake, ananambia usisome mbele, anza nyuma, huko kwenye viambatisho, tafuta neno bakaa, yaani salio. Pesa iliyopangwa ni hadithi, uliza iliyopokelewa, kisha uliza iliyotumika, halafu uliza iliyobaki ipo wapi. Maswali matatu tu. Nilipoanza kuuliza hayo maswali barazani wakuu wa idara walianza kunisalimia kwa jina.

Basi kuna zahanati. Kijiji kimoja cha kata yangu hakikuwa na zahanati, wanatembea kilomita tisa. Wananchi wakachanga elfu tano tano kila kaya, wakasomba mchanga na maji, wakainua boma mpaka lenta. Kazi hiyo waliifanya wao, mimi nilipiga picha tu. Halmashauri ikaleta pesa ya kumalizia kwa utaratibu wa fosi akaunti, hakuna mkandarasi, kamati ya kijiji inanunua vifaa na fundi wa kijijini anajenga. Utaratibu mzuri, unaokoa hela kweli. Kwenye taarifa iliyokuja kwenye kata nikaona simenti mifuko 120 imepokelewa na imetumika.

Pembeni ya pale ujenzi alikuwepo mama mmoja anauza vitumbua. Nimekwenda kukagua, nimekaa kwenye benchi lake nakunywa chai, namsifia, mama kazi inakwenda, simenti mia na ishirini si mchezo. Akaniangalia. Akaingiza mkono chini ya meza akatoa kopo la maziwa ya unga, akalimwaga mezani. Korosho, zile zenye maganda, mbichi. Akaniambia, hizo hapo mwanangu, kila mfuko ukishushwa natia moja, hesabu. Tukahesabu wote wawili, nikarudia tena peke yangu. 87. Nikamuuliza ulitumwa na nani kuhesabu, akasema elfu tano yangu ilinituma.

Nilikaa na lile jambo siku tatu. Kwenye ile kamati alikuwemo mtu wa karibu yangu, sisemi nani. Ningeweza kwenda kumwambia pembeni arudishe yaishe, na kusema kweli nilimfata, akanijibu kwamba yule mama hajui kusoma. Hilo jibu ndo lilinimaliza. Siku ya baraza nikabeba lile kopo. Nilipopewa nafasi nikaliweka mezani, mwenyekiti akauliza mheshimiwa hizo korosho ni za nini, ukumbi ukacheka, mmoja akasema anatuletea zawadi huyu. Nikasema mheshimiwa mwenyekiti hii ni taarifa ya mapokezi ya vifaa, naomba ilinganishwe na ile iliyopo kwenye kabrasha. Kicheko kikakatika.

Ikaundwa timu ya kufuatilia. Sasa nisiwadanganye kwamba watu walikamatwa, hakukamatwa mtu. Kilichotokea ni kwamba baada ya wiki mbili, usiku, ikaja kenta ikashusha mifuko 33. Haikuandikwa popote ilikotoka. Asubuhi mama wa watu anafungua biashara anakuta simenti imepangwa, akatia korosho 33 kwenye kopo kimya kimya. Mimi kuanzia hapo nikawa na jina barazani, kuna waliokuwa wananipa mkono kwa vidole viwili tu, na yule ndugu yangu hatujazungumza vizuri mpaka leo, tukikutana msibani tunapeana salamu alekum salamu imeisha.

Stori ya mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri naipita haraka, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, haina riba. Wanawake wa kata yangu walilipa mpaka shilingi ya mwisho, walikuwa na mashine ya kukamua ufuta. Vijana waligawana hela wiki ile ile, wawili walinunua pikipiki, mmoja alioa, waliobaki wapo Dar nasikia. Mwenye saini kwenye mapendekezo ni mimi.

Sasa 2018. Msimu wa kabla yake nchi ilivuna zaidi ya tani laki tatu na bei ikapanda mpaka kilo elfu nne, huku kwetu watu waliezeka bati, walinunua masofa, kuna mtu alinunua friji na umeme hakuna, akawa anahifadhia nguo. Kila mtu akadhani itakuwa hivo hivo. Msimu wa 2018 minada inafunguliwa wanunuzi wakaja na bei chini ya elfu tatu, wakulima wakagoma, mwezi wa kumi na moja Rais Magufuli akatangaza serikali inanunua zote kwa 3,300 na jeshi litasomba. Siku ile watu walicheza barabarani. Magari ya jeshi yakaja kweli, sijawahi kuona maghala yetu yanalindwa vile. Ila malipo yalikwenda na uhakiki, timu zinakuja kuangalia shamba lako lipo wapi na linaweza kweli kutoa hizo kilo, lengo kuwabaini kangomba. Kuna waliolipwa mapema na kuna waliosubiri miezi.

Ikabidi tuitishe mikutano kuelimisha. Nikasimama mimi, kipaza sauti mkononi, nasema ndugu zangu kangomba ni adui wa mkulima, tuwafichue. Nyuma huko chini ya mwembe mtu mmoja akapiga mluzi. Mluzi mmoja tu mrefu. Sikuhitaji kugeuka, niliujua, alikuwa ni yule wa laki nane. Nikaendelea na hotuba lakini sikumbuki nilisema nini tena. Usiku nikamfata kwake, nikamwambia kwa nini umenifanyia vile, akanambia mheshimiwa mimi nilikuwa nakushangilia.

Katika yote niliyofanya miaka mitano hilo ndo linanirudia usingizini, sio kelele za upinzani.

2020 utaratibu wa kura za maoni ukabadilika, wajumbe wa mkutano mkuu wa kata ndo wanapiga. Nikaona afadhali, ni wachache, nawajua wote kwa majina mpaka ya wake zao. Wiki ile ya Julai nilichinja mbuzi wawili. Wajumbe walikula pilau kwangu mchana, usiku wakala kwa mwenzangu, na asubuhi nasikia kulikuwa na chai na maandazi kwa wa tatu. Walioniahidi uso kwa uso, wengine wameshika Msahafu bila kulazimishwa, walikuwa 41. Kura zikahesabiwa mbele yetu. Nikapata 17. Kuna mzee alinikumbatia pale pale ananipa pole analia kabisa, akasema mimi nilikupa mheshimiwa. Baadae wote 41 walinambia nilikupa. Mwaka ule nchi nzima ilikuwa inataniana kwamba wajumbe si watu, mimi sikucheka utani ule mpaka 2022 hivi.

Simu iliacha kulia siku ya tatu. Nilidhani nitafurahi. Nilikuwa nashtuka saa nane usiku bila simu, nakaa kitandani, mke wangu ananiuliza unasubiri nani. Nilirudi shambani, mikorosho ilikuwa imeota msitu chini, miaka mitano nilikuwa nalipa vibarua wa kupalilia kwa simu na hawapalilii. Hiyo hasara haipo kwenye daftari.

2025 fomu zilipotoka walikuja vijana wawili na yule mama mwenyekiti wa kikundi cha ufuta, wanataka nirudi, wana mchango wa fomu kabisa mkononi. Mke wangu hakusema neno, aliingia ndani akatoka na daftari akaliweka mkekani katikati yetu kama anaandaa chakula. Wale vijana walisoma kurasa mbili tatu wakaaga.

Zahanati ilifunguliwa nikiwa nimeshatoka, jiwe la ufunguzi lina jina la mwingine na ni sawa tu, ndo kazi ilivyo. Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu kliniki nikapanga foleni kama wenzangu, nesi binti mgeni akaniuliza baba wewe ni wa kitongoji gani. Nje ya geti yule mama bado anauza vitumbua, kazeeka lakini meza ile ile. Wanajenga nyumba ya mganga pembeni, kuna lori lilikuwa linashusha matofali, nikaona mkono wake unakwenda chini ya meza na kurudi, unakwenda na kurudi.

Nikamsogelea, nikamuuliza kwa sauti ya chini, mama, yamefika mangapi?

Akasema wewe sio diwani tena, nunua vitumbua.